Jinsi ya Kusubiri Bila Kujimaliza: Foleni, Stendi na Dirishani

Maswali ni yale yale kila mara. "Nikikaa foleni ya hospitali nusu saa tu kichwa kinaanza kugonga, wenzangu wanawezaje?" "Mbona mama anakaa stendi tangu asubuhi na hana neno, mimi dakika kumi nimeshachacha?" "Nivumilie au niulize?" Hilo la tatu ndilo gumu, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inalijibu hilo.

Tuelewane mapema: hapa hutajifunza kufupisha foleni. Foleni hufupishwa na mwenye ofisi akiongeza dirisha au karani. Unachoweza kubadili wewe ni namna muda ule unavyokupitia, na hilo si jambo dogo. Watu wawili wanakaa benchi moja kwa saa zile zile. Mmoja anaondoka na karatasi yake imepigwa muhuri, mwingine anaondoka amegombana na mlinzi na kesho atalazimika kurudi.

Na ukisikia neno mtazamo, usidhani unaambiwa utabasamu. Subira tuliyofundishwa wengi wetu ni ya kunyamaza. Ninayoizungumzia hapa ina kazi ndani yake: unauliza, unahesabu, unaamua, ndipo unatulia. Anayetulia kabla ya kuuliza amejiachia tu.

Nadharia kidogo kabla ya kazi

Mwaka 1985 mtaalamu wa biashara za huduma, David Maister, aliorodhesha mambo yanayoufanya muda wa kusubiri uonekane mrefu. Muda mtupu huonekana mrefu kuliko wenye shughuli. Kusubiri usikojua mwisho wake kunachosha kuliko kule kwenye mwisho unaojulikana. Kuchelewa bila maelezo, kupitwa na wengine bila haki, kuwa na wasiwasi, kuwa peke yako: vyote vinarefusha.

Uwanja mmoja wa ndege wa Houston, Marekani, ulichoshwa na abiria waliolalamikia kuchelewa kwa mizigo. Wakaongeza wafanyakazi, muda ukapungua, malalamiko yakabaki. Ndipo wakasogeza milango ya kushukia mbali na sehemu ya mizigo, abiria wakawa wanatembea kitambo kabla ya kuifikia. Malalamiko yakakaribia kwisha. Mzigo haukuwahi zaidi; watu walikuwa wanatembea badala ya kusimama. Nadharia inatosha.

Uwe na nini kabla ya kutoka nyumbani

Maji ya kunywa na kitu cha kutafuna. Njaa hujifanya hasira, na wengi wanaopigana na makarani saa 7 mchana hawajala tangu jana usiku. Ila kama unakwenda kupima, uliza kwanza: kipimo cha sukari cha kufunga huhitaji takriban saa 8 bila kula, na mtu akinywa chai akiwa foleni amejirudisha nyumbani mwenyewe.

Kalamu yako mwenyewe. Nakala mbili za kila karatasi, na picha ndogo kama zinahitajika. Kalamu huonekana jambo la kitoto mpaka uone watu kumi wakizunguka kuazima moja.

Chenji ya noti ndogo na sarafu.

Simu yenye chaji, lakini usiifanye tegemeo lako la pekee.

Kanga, leso au kofia. Foleni nyingi huanzia kivulini na kuishia juani.

Kazi ya mikono. Nitaieleza katika hatua ya sita.

Na kitu kimoja kisichobebeka mfukoni: saa ya kuondoka. Ukitoka nyumbani bila kujua utakubali kukaa mpaka saa ngapi, ofisi itakuamulia.

Hatua ya 1: Tambua unasubiri kitu cha namna gani

Kuna namna tano, na kila moja ina akili yake. Wanaoanza hukosea kwa kutumia akili moja kwa zote.

Cha saa. Basi la mkoani, ndege, treni. Treni ya umeme ya Dar es Salaam kwenda Dodoma, iliyoanza safari zake 2024, imewafunza wengi kwa uchungu: hapo kusubiri unakufanya wewe kabla ya muda, treni haikusubiri baadaye. Fika mapema, kaa, kazi imekwisha.

Cha kujaa. Hiace ya kijijini, probox, boti ya mashine. Chombo cha namna hii hakina saa, kina viti. Hesabu viti, usihesabu dakika. Ukimuuliza konda tunaondoka saa ngapi atakujibu "sasa hivi", na kwa upande wake hajadanganya: sasa hivi ni pale kiti cha mwisho kitakapopata mtu. Kwa hiyo tazama vimebaki viti vingapi na watu wanaingia kwa kasi gani. Tazama pia ni nani amekaa. Katika stendi nyingi, hasa za matatu kule Kenya, vijana wa stendi hukaa vitini kama abiria ili gari lionekane limekaribia kujaa; ukishaingia, wanashuka mmoja mmoja. Dalili zao: hawana mzigo, wanataniana na konda kama ndugu, na wamekaa karibu na mlango. Ukiwaona watatu, ongeza viti vitatu kwenye hesabu yako. Hasira nyingi za stendi hutokana na kuhesabu hewa kama abiria.

Cha namba. Benki, hospitali, vituo vya huduma. Hapa hesabu inafanya kazi vizuri kuliko mahali pengine popote, tutaifanya katika hatua ya pili.

Cha mtu. Afisa anayesaini, mwenyekiti wa mtaa, fundi cherehani, mchumba. Hapa hakuna foleni ya kuhesabu. Kuna ratiba ya mtu mmoja usiyeiona. Kukaa mlangoni kwake tangu saa 2 asubuhi hakumleti. Kinachosaidia ni kujua yuko wapi, anarudi lini, na kama kuna mwingine mwenye mamlaka ya kusaini badala yake. Watu hupoteza siku nzima wakimsubiri mkubwa, kumbe msaidizi wake aliyekaa chumba cha pili ana muhuri ule ule.

Cha mchakato. Pasipoti, hati ya kiwanja, kitambulisho, matokeo. Hapa mwili wako haupaswi kusubiri kabisa. Nenda ukafanye mambo yako, ila jua hatua iliyopo na hatua inayofuata. Na uliza kama kuna kinachotoka mapema. Nchini Tanzania wapo waliokaa wakisubiri kadi ya Kitambulisho cha Taifa, ilhali namba yake, ile ya tarakimu 20, hutoka kabla ya kadi na inatosha kwa shughuli nyingi, ikiwemo kusajili laini ya simu.

Hatua ya 2: Hesabu, kisha weka kikomo

Ukifika foleni ya namba, usikae kwanza. Simama, angalia saa, tazama watu watatu wakihudumiwa. Tuseme wamechukua dakika 12. Ni dakika 4 kwa mtu. Mbele yako wapo 20: dakika 80. Ongeza theluthi moja kwa ajili ya karani atakayekwenda kunywa chai na yule mtu mmoja atakayefika dirishani na mafaili ya ukoo mzima. Umepata kama saa moja na dakika 45.

Sasa amua. Unakaa, unarudi siku nyingine, au unamtuma mtu? Ukiamua kukaa, umekaa kwa hiari yako, na hapo ndipo mtazamo unapobadilika kwa kweli. Mtu aliyejua kwamba ni saa moja na nusu, akitoka baada ya saa moja na robo anajiona amepata zawadi. Aliyedhani ni dakika 20, kwa muda ule ule, anatoka amedhulumiwa.

Kuhusu kuwahi: Agner Krarup Erlang, Mdenmark aliyefanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen, ndiye mwanzilishi wa hesabu za foleni, andiko lake la kwanza lilitoka 1909. Kinachotuhusu sisi katika hesabu hizo ni kwamba dirisha likishakaribia uwezo wake, watu wachache tu wakiongezeka foleni hurefuka maradufu. Ndiyo maana anayefika saa 1 na nusu asubuhi anatoka saa 3, na anayefika saa 2 na nusu anatoka saa 8 mchana. Kwa benki, epuka mwisho wa mwezi mishahara inapoingia, na Jumatatu asubuhi kama unaweza.

Angalizo: kikomo chako kisiongozwe na muda uliokwisha kupotea. "Nimeshakaa saa tatu, siwezi kuondoka sasa" ni sentensi inayowalaza watu kwenye mabenchi. Swali ni moja tu: kuanzia sasa, kumebaki kiasi gani? Kama umebakiza watu 5, kaa hata kama umechoka. Kama umebakiza 60 na dirisha linafungwa saa 9 na nusu, nenda nyumbani ukapike.

Hatua ya 3: Uliza mapema, na uliza swali lenye jibu

Salamu kwanza. Hili si pambo. Karani aliyesalimiwa kwa adabu, shikamoo kama amekuzidi umri, habari za kazi kama ni rika lako, anakuona ni mtu kabla hujawa tatizo. Ukianza na "Hivi hapa kuna huduma kweli?" umepata adui kwa bei rahisi.

Kisha usiulize "bado?" Bado lina jibu moja tu: bado. Uliza haya: dirisha hili linahudumia nini? Nikifika hapo natakiwa niwe na nini mkononi? Mnapumzika saa ngapi? Maswali hayo matatu, yakiulizwa dakika tano za kwanza, huokoa siku. Kila ofisi ina yule ndugu aliyekaa nusu siku kisha akaambiwa dirishani kwamba alipaswa kuanzia chumba namba 6 kulipia.

Sasa majibu. Ofisi zetu zina lugha yake, na ukiijua hutachoka bure:

"Subiri kidogo." Halina maana mpaka uliwekee mwisho. Jibu: "Sawa dada. Nikae karibu hapa, au naweza kwenda kula nikarudi?" Akisema nenda ukale, umejua ni saa nzima au zaidi. Akisema usiende mbali, ni kweli ni kidogo.

"Mtandao unasumbua." Uliza ulianza kusumbua saa ngapi, na kama kuna kinachoweza kufanyika kwa karatasi wakati unasubiriwa. Kama mtandao umelala tangu jana, ondoka. Kama umekatika dakika kumi zilizopita, kaa.

"Mhusika ametoka kidogo." Uliza kama mkoba au koti lake lipo kitini. Nasema kwa utani nusu, lakini watu wa ofisi wenyewe huangalia hivyo hivyo. Swali rasmi ni: "Ametoka ndani ya jengo au ametoka kikazi?" Aliyetoka kikazi wilayani harudi leo.

"Njoo kesho." Hili usilipokee likiwa tupu. Uliza: "Kesho nimwone nani, saa ngapi, na kitakuwa tayari kitu gani?" Andika jina au cheo mbele yake, kwa kalamu yako. Kesho inayoandikwa huwa nzito kuliko kesho ya mdomo.

"Dakika mbili tu." Kwa fundi wa simu, dakika ishirini. Kwa mama lishe, kweli ni mbili.

Hatua ya 4: Shika nafasi yako kwa watu

Foleni nyingi hazina mstari unaoonekana. Watu wamekaa ovyo chini ya mwembe, lakini mpangilio upo vichwani. Ukifika, uliza kwa sauti ya kusikika: "Jamani, wa mwisho nani?" Atakayeinua mkono ndiye mbele yako. Mwangalie vizuri. Atakayefuata, mwambie wewe uko mbele yake. Hapo una mashahidi wawili.

Bombani ndoo hushika nafasi, na mtaa mzima unaheshimu ndoo ya kila mtu. Ofisini na hospitalini usijaribu. Bahasha uliyoiacha kitini itasogezwa na mfagizi, nawe utakuwa huna mtu wa kukutetea. Ukitaka kutoka, waage wote wawili, wa mbele na wa nyuma, na useme unarudi lini.

Angalizo: nafasi moja ni ya mtu mmoja. Ukishika nafasi kisha shangazi, binamu na jirani wakaingia kwa mgongo wako, usishangae watu wakigeuka.

Hatua ya 5: Yatoe macho dirishani

Kati ya miaka ya 1960 na 1970, Walter Mischel na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwaweka watoto wadogo mbele ya kitu kitamu: ule sasa hivi kimoja, au usubiri upate zaidi. Waliokodolea macho kile kitamu walishindwa mapema. Waliofunika macho, wakageukia ukutani au wakajiimbia, walikaa muda mrefu zaidi.

Mtu mzima aliyekazia macho mlango wa daktari yuko kwenye jaribio lile lile. Kila ukifunguka moyo unaruka, kila ukifungwa unashuka; ndani ya saa moja amechoka kama aliyebeba magunia. Kaa mahali unaposikia jina lako likiitwa lakini huoni mlango. Ukishahesabu mara moja, usihesabu tena mpaka nusu ya muda upite. Saa ya ukutani ipe mgongo.

Hatua ya 6: Ipe mikono kazi

Tembea Unguja, Pemba au pwani yoyote ya Waswahili, utawaona kina mama wakisuka ukili, ule mkanda wa kushonea mikeka, huku mazungumzo yakiendelea, na vijana wakishona kofia barazani. Kofia ya viua, ile inayodariziwa kwa mkono, huchukua wiki nyingi, na sehemu yake kubwa hushonwa katika muda ambao wengine wanauita wa kupotea. Huo muda kwao ni wao.

Huna ukili? Tafuta kazi yenye sifa tatu: inakatizika wakati wowote, haihitaji meza, na mwisho wake kuna kitu kinachoonekana. Kufuma. Kusahihisha madaftari kama wewe ni mwalimu. Kuandika hesabu za duka za wiki. Kufuta picha zilizojaza simu. Kuwajibu ndugu waliokuandikia tangu mwezi uliopita. Wenye tasbihi au rozari hawahitaji kufundishwa hapa.

Kuhusu simu nina maoni yangu, na si wote watakaokubali. Kuperuzi video fupi fupi hakuupitishi muda, kunaukatakata. Unainua kichwa ukidhani umepita saa moja, ni dakika 9, chaji imeshuka, na bando pia. Bora usome kitu kirefu ulichokihifadhi nyumbani.

Angalizo: usichague kazi itakayokumeza mpaka usisikie. Majina huitwa kwa matamshi ya ajabu hospitalini, na anayeitwa Mwanaidi akiitikia tu anaposikia Mwanaidi kamili, atapitwa.

Hatua ya 7: Mtumie jirani, kwa kiasi

Mwenye foleni mwenzako anajua mengi kuliko ubao wa matangazo. Anajua daktari ameingia saa ngapi, anajua karatasi ya njano inalipiwa wapi, na pengine hii ni safari yake ya tatu. Msalimie, muulize. Na mazungumzo yenyewe hufupisha njia.

Ila kuna mazungumzo ya kukimbia. Mmoja ataanza, "Nchi hii bwana," wa pili atapokea, na baada ya robo saa benchi zima linaimba. Malalamiko yakipelekwa kwa msimamizi ni kazi nzuri. Yakizungushwa benchini yanakuchosha wewe, na karani hata hayasikii. Hama kiti.

Na mkimbie zaidi yule anayekuja na sauti ya chini akisema anaweza kukusaidia ipite haraka. Vishoka huwinda sura zilizochoka. Usimpe kitambulisho, usimpe pesa, usimwoneshe hata karatasi zako. Mara nyingi anachokuuzia ni maelezo ambayo ungeyapata bure mapokezi.

Hatua ya 8: Tofautisha anayepitishwa na anayepenya

Hospitalini foleni haiendi kwa kufika, inaenda kwa hali. Mahututi anatangulia, mjamzito anayeumwa anatangulia, mtoto mwenye degedege anatangulia, na hospitali nyingi za umma zina dirisha la wazee. Ukijua hivyo, kupitwa hakukuumi.

Anayepenya ni mwingine. Mwambie mapema na kwa sauti ya kawaida: "Kaka samahani, mwisho wa foleni ni kule." Wengi hurudi, wakijifanya hawakujua. Akikaidi, zungumza na wa mbele yako ili muwe wawili, kisha mwambie mlinzi. Usimshike mkono, usimtukane. Ukimgusa tu, kesi inakuwa yako.

Hatua ya 9: Jua pa kuacha kusubiri, na pa kukataa kupanda

Wahenga walituachia "subira yavuta heri" na "ngoja ngoja yaumiza matumbo", na hawakuwa wamechanganyikiwa. Kila moja ina mahali pake.

Pa kuacha kusubiri ni kwenye mwili. Ukiwa benchini mgonjwa wako akianza kupumua kwa shida, akizirai, akitoka damu nyingi, akiweweseka, mtoto akilegea au akishindwa kunyonya, maumivu ya kifua yakimbana: inuka, nenda moja kwa moja kwa muuguzi, sema kwa sauti. Adabu ya foleni imeishia hapo. Wapo watu wastaarabu waliokaa kimya na mgonjwa wao akizidiwa kwa sababu waliona aibu kuwapita wengine.

Pa kukubali kusubiri ni kwenye maji. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa abiria 101; waliokufa peke yao walizidi 200. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, Mombasa, ilizama ikiwa imezidiwa na abiria, wakafa watu zaidi ya 250. Ukiona pantoni au boti imejaa kupita kiasi na watu bado wanajibana, baki gatini. Mwite bosi, mwambie utachelewa. Usiangalie kwamba wote wanapanda. Nao wanapanda kwa kukuangalia wewe.

Ikikwama: matatizo ya kawaida

Namba yangu imepita nikiwa msalani. Usianze kugombana na aliyeko dirishani. Subiri amalize, kisha mwoneshe karani tiketi yako na umwombe akuingize anayefuata. Mashahidi wako wa hatua ya nne watakusaidia. Kama namba zimepita zaidi ya kumi, jiandae kuambiwa uchukue nyingine.

Mtoto analia na watu wananiangalia. Mtoto hasubiri, anachoka tu. Mtoe nje, mlishe, mtembeze, ukishawaaga majirani wa foleni. Mwambie mapokezi una mtoto mdogo. Sehemu nyingi watakusogeza kama utauliza kwa upole, na hawatakusogeza kama hutauliza.

Hasira imeshapanda. Usiende dirishani nayo. Tembea mpaka getini na kurudi, nawa uso, kunywa maji. Kisha jiulize umekasirishwa na nini kati ya haya: hujui mwisho, hujaelezwa sababu, umepitwa, au una njaa. Kila kimoja kina dawa yake hapo juu, na cha nne ndicho cha haraka zaidi.

Nimeambiwa njoo kesho mara tatu. Sasa usiende kwa karani yule yule. Omba kumwona msimamizi, peleka tarehe ulizoandika na ulichoahidiwa kila siku, ongea kwa dakika mbili. Kama hapatikani, andika barua fupi, nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa. Baada ya hapo ofisi ndiyo inayodaiwa jibu.

Nasubiri nyumbani, hakuna foleni. Majibu ya kipimo, majibu ya usaili, simu ya mtu aliye safarini. Hili ni gumu kuliko benchi lolote, maana hakuna wa kumuuliza wa mwisho nani. Jua tarehe ambayo jibu linatarajiwa; kabla yake, kuangalia simu hakuongezi kitu. Jiwekee nyakati mbili za kuangalia kwa siku, labda saa 4 asubuhi na saa 11 jioni. Mwambie mtu mmoja unachosubiri, asiwe mwenye kukutisha. Tarehe ikipita kwa siku mbili, piga simu wewe.

"Nipo njiani." Anayesema hivyo huku unasikia maji ya kuoga yakimwagika, mpangie kukutana mahali ambapo ungekuwepo hata bila yeye: dukani kwako, nyumbani kwako, sokoni unakonunua mboga. Usimsubiri kituoni kwenye jua.

Fundi cherehani na nguo ya sikukuu. Mwambie sherehe ni wiki moja kabla ya siku yenyewe. Lipa nusu, nyingine baada ya kuivaa. Na siku ya kuichukua pita asubuhi, kabla hajawapa wengine ahadi ya mchana.